Plagi Chini ya Mto

Kwanza nilinunua kufuli pale Kongowea,
kufuli la shaba, zito kama deni.
Muuzaji akaapa: "Hili, ukipoteza ufunguo,
hata wewe mwenyewe utalia."
Nikacheka. Nikalipa mia nane.

Mnyororo nikauvika mpira wa tairi kuukuu
usilie usiku, usikwaruze rangi.
Unapita kwenye spoki, unazunguka mguu wa kitanda,
unarudi kwa kufuli kama mtu aliyesahau kitu nyumbani.
Chumba chetu cha Mtopanga ni futi kumi kwa kumi:
kitanda, jiko, Kache, na pikipiki nyekundu
iliyobakisha miezi saba kuwa yangu.

"Umeoa wawili," Kache alisema siku za mwanzo,
"na mwenzangu ndiye unayempangusa kwa kitambaa laini."
Harufu ya petroli ikahamia kwenye leso zake,
kwenye tui, kwenye wali.
Injini ikipoa hulia tik, tik.
Tukaizoea. Tukalala nayo.

Sikukomea hapo.
Nyanje wa stejini kwetu aliibiwa mchana, Bombolulu,
alipoingia kununua mahamri mawili.
Mawili tu! Akatoka nayo yangali moto,
na pale alipoegesha pana doa la oili.
Alisimama palepale akayala.
Baadaye akatuambia hakujua
awafanyie nini kingine wale watu waliokuwa wakimtazama.

Basi nikamwita fundi Mwatela, akanitilia swichi ya siri.
Usiniulize iko wapi.
Nikachonga namba ya simu kwenye chuma,
mahali ambapo tochi haipindi kufika.
Na kila usiku, nikishafunga vyote,
nafungua plagi, naifuta, naiweka chini ya mto.
Pikipiki bila plagi ni mbuzi aliyegoma kutembea:
utambeba, mwivi wee,
lakini utaonekana umembeba.

Mwezi wa nne, masika, saa nane za usiku,
Kache akanishika bega. Hakupiga kelele.
"Chupa imepasuka," akasema,
na mimi, mjinga, nikamulika sakafuni kutafuta vigae.

Kisha nikaelewa.
Nikainua mto. Hamna.
Nikainua godoro, nikakung'uta shuka, nikapekua viatu.
Kufuli likauma ufunguo, halikutaka kuuachia.
Swichi ya siri niliitafuta kwa kidole
na kidole kikasahau njia.
Nilikuwa mwivi ndani ya chumba changu,
natokwa jasho, natetemeka, nanong'ona "waka, waka,"
na haikuwaka,
kwa kuwa nilikuwa nimejilinda vyema.

"Chengo." Ameinama, ameshika ukuta.
"Mkebe wa chumvi. Niliihamisha.
Chini ya mto, hata mtoto angejua kutafuta."

Tulivuka daraja la Nyali mvua ikitupiga usoni,
tumbo lake mgongoni mwangu
likikaza, likilegea, likikaza.
Vidole vyangu vilikuwa na chumvi.

Langoni mwa hospitali niliiacha imesimama,
ufunguo ndani, injini ikinguruma, taa imewaka.
Sikugeuka.

Saa kumi na mbili ndipo nilipokumbuka.
Nikatoka mbio, nikimwacha binti wa kilo tatu na robo
anapiga miayo kama mtu aliyetoka safari.
Juu ya kiti amekaa kijana mmoja wa gunia,
wale waokotao chupa za plastiki.
"Nimeizima," akasema. "Mafuta yalikuwa yanaisha.
Walikuja wawili. Nikawaambia ni ya babangu."
Akanipa ufunguo, akataka hamsini.
Nilipouliza jina lake akaniuliza la nini.

Leo usiku nimefunga tena: mnyororo, kufuli, swichi.
Plagi ameificha Kache. Sijaambiwa wapi,
nami sijauliza.
Mtoto analia, ananyamaza, na anaponyamaza
nasikia tik, tik, gizani.
Imebaki miezi sita.