Sentimita Sitini na Tatu

Mlango wa Enid Thackray una sentimita sitini na tatu.
Kiti chake cha magurudumu kina sitini na saba.
Hizo nne
ndizo zilizomfungia ndani tangu Oktoba.

Juu ya mlango jiwe lasema
tajiri wa sufu alijenga nyumba hizi kumi na mbili
kwa wajane mafukara wenye mwenendo mwema,
naye aombewe kila Jumapili.
Miaka mia tatu.
Waombaji wamepungua, paa limechoka,
ukungu pekee haujakosa zamu yake ukutani.

Mimi seremala, nimetumwa na wadhamini kupima.
Nikapima ngazi: vidato kumi na vitatu,
vyembamba, vimebonyea katikati kwa nyayo za marehemu.
"Huko juu kuna kitanda changu," akasema.
"Mwaka wa pili sijakiona. Nakisalimu."
Akainua fimbo, akagonga dari mara mbili.

Nje, kwenye mvua ya Yorkshire,
watalii walipiga picha mawaridi.
Bwana mmoja, mpenzi wa mambo ya kale,
alikuwa ameandika gazetini kuwa kubomoa ni dhambi.
Enid alimsomea paka makala yote, mpaka nukta,
kisha akaitandika chini ya sinki, panapovuja.
"Mwambie aje aoge humu Januari.
Akitoka hai, nitasaini barua yake."

Tulibomoa theluji ilipoyeyuka.
Sikucheka. Boriti zile zilichongwa na mtu
aliyeijua kazi kuliko mimi.
Jiwe tulilitunza, tukalipachika kwenye ukuta mpya
chini kidogo,
usawa wa macho ya aliyeketi.

Sasa milango ina tisini.
Bafu halina kizingiti, maji yanajua njia.
Kuna lifti. Kuna hata wagane,
maana wadhamini wameligeuza lile neno la jiweni,
na Clifford Murgatroyd kapewa chumba cha juu
ingawa mwenendo wake, asema Enid, bado unachunguzwa.

Nilirudi Novemba kurekebisha komeo.
Kitanda chake kipo hatua tatu toka dirishani,
lakini mazoea yana taabu:
aliinua fimbo, akagonga dari mara mbili.

Kimya.
Kisha kutoka juu, taratibu: ngo, ngo, ngo.

"Umesikia?" akaniuliza. "Tatu.
Kila siku tatu.
Mtu mzima, hesabu hajui."
Na fimbo akaiweka karibu.