Kichujio

Nilikizungusha taratibu mbele ya lenzi
hadi weupe wa mbingu ya Mkonze ukawa bluu,
na mng'ao wa lami ukazimika.
Nikasahau kwamba kioo kile hula mwanga,
na kamera yenye njaa hukawia kufumba jicho.

Baiskeli zikaja. Fyuu!

Mawe ya mlima yametoka, hata nyufa zahesabika.
Ndahani, aliyeongoza tangu Bihawana,
ni mchirizi mwekundu,
wino uliofutwa kwa kiganja.

Mama yake akaisogeza picha karibu na uso.
"Mwanangu yuko wapi?"
Nikagusa mchirizi.
"Mbio zote hizo," akasema,
"na waliofika ni mawe."

Jumapili kitabaki mfukoni.
Mbingu na iungue nyeupe,
mradi nilidake jasho.