Pasipoti Nne, Pazia la Bluu

Futa, unasema.
Kidole chako kiko juu ya kioo cha kamera yangu
na vumbi la Ihumwa limetuingia sote wawili machoni,
lile jekundu la mwezi wa nane
lisilouliza nani ana sare.

Ngoja kwanza, afande.
Mimi nakujua.

Ulikuja Majengo, duka la tatu kutoka kwa muuza karanga,
mvua za mwisho zikipiga bati hata hatusikilizani.
Barua ya ajira umeikunja mara nne,
shati la kuazima, ukosi mpana kuliko shingo yako.
Pasipoti nne, ulisema. Pazia la bluu.
Nikakukalisha kwenye kigoda nikakuambia:
inua kidevu. Usicheke.
Tazama hapa. Si kwangu. Hapa.
Nikaandika kwenye bahasha: *Gisiri, nne, bluu.*
Ulibakiza mia tano. Bado hujaleta.

Serikali inapenda picha, nani kasema haipendi?
Miaka kumi na mmoja nimekula kwa pendo hilo:
ambatanisha mbili, ambatanisha nne,
za karibuni, masikio yote yaonekane.
Walipokuja kuthamini mashamba
mama Matika Chilewa alisimamishwa mbele ya nyumba yake
ashike kibao kifuani, jina na namba,
kama mshitakiwa.
Wakampiga picha, wakapiga na choo, na mihogo, na mti wa mlangoni.
Siku hiyo hakuna aliyesema futa.

Leo yuko pale, mwenye kanga ya kijani,
amekalia bikoni ya saruji waliyompandia katikati ya uwele.
Wenzake thelathini na kitu. Hawajabeba jiwe.
Wamebeba fomu za fidia za miaka sita,
mikunjo imechakaa hadi herufi zinadondoka.
Waliwaamkia kwanza, nilisikia: *mbukwenyi.*
Mlikuwa kumi na wawili.
Hakuna aliyeitikia.

Picha yake ya kibao mnayo, imo kwenye faili, mnaitunza.
Hii ya leo ndiyo inayowawasha.
Na uso ni uleule, afande,
ila leo hajashika namba.

Sasa nikwambie nilichopiga.
Kirungu kiko hewani. Sikukipandisha, sikukishusha,
kamera haina mkono wa tatu.
Fomu zinaruka na upepo kuelekea reli.
Kofia ya mwenzako imeanguka,
na mtoto wa shule, daftari kwapani,
ameinama kuiokota amrudishie.
Hiyo nayo nimepiga.
Ukifuta, unamfuta na yule mtoto.

Barabara hii ya umma. Mbuzi wanapita,
lori la zege linapita kwenda Mtumba,
jua liko juu tangu asubuhi, linaona kila kitu,
na sijasikia limeitwa kituoni kutoa maelezo.
Kitambulisho changu hiki hapa shingoni.
Kina picha yangu. Nilijipiga mwenyewe, kwa kipima muda,
nikajiambia usicheke, nikacheka, nikarudia.

Siogopi? Naogopa. Goti la kushoto linanicheza, unaliona.
Kamera ni ya mkopo, marejesho kila Ijumaa,
na mwanangu anatoka shule saa nane.
Lakini nikifuta hii
kesho mtu atakaa kwenye kigoda changu, aniulize
zile ulizopiga Ihumwa ziko wapi,
na mimi nitamwambia nini, inua kidevu?

Futa, unasema tena, sauti imepungua.
Nyuma ya kirungu, kwenye kioo, kuna uso umegeuka nusu,
hauko kwenye kupiga, hauko kwenye kuzuia.
Ondoa kidole kidogo, Gisiri.
Tazama hapa.
Si kwangu.
Hapa.

Lori la zege linapiga honi, linataka njia.