Daftari la Stoo

Mwaka ule mihogo iliozea ardhini,
na sisi wa bondeni tukachimba ming'oko
hadi pori likawa na mashimo
kama uso wa aliyepona ndui.
Ng'ambo ya Ruvuma, walisema, ming'oko ipo,
ila anayeinama kuchimba
huenda asiinuke. Risasi haina msimu.

Mimi nilikuwa karani wa misheni.
Mwandiko ndio ulionipa kazi, si imani:
baba yangu aliadhini Mahurunga miaka thelathini,
nao walijua, wakanyamaza.
Bruda Ansgari alinipa kopo la rangi nyeusi
na kipande cha bati kilichotobolewa herufi.
"Kila gunia, Hashimu. Mgongoni."
SI WA KUUZWA.
Nikapiga, nikapiga, vidole vikawa vya fundi makaa.

Unga wa yanga, njano kama macho ya mgonjwa wa ini.
Magunia mia na arobaini.
Niliyahesabu mara mbili mchana
na mara moja usingizini.

Lori liliteremka kutoka Nanyamba kwa gia ya kwanza,
Sista Radegunda mbele, amekumbatia betri ya akiba
kama mtoto wa kubatizwa.
Kitaya, askari wa mpaka akauliza kibali.
Akapewa.
"Na cha upande wa pili?"
Upande wa pili hapakuwa na ofisi,
palikuwa na majivu ya ofisi.
Aliyatazama magunia muda mrefu, yule kijana.
Mkanda wake ulikuwa na tundu jipya, limetobolewa kwa msumari.
Akameza mate. Akagonga muhuri.

Mitumbwi sita, magunia matatu kila mmoja,
kwenda na kurudi, kwenda na kurudi,
wapiga kasia wakiwasemesha viboko kwa heshima
kama wakwe.
Nilitafuta mpaka ulipo. Huku maji magotini,
kule maji magotini,
na katikati mtu akiimba kwa Kimakonde
asijue yuko nchi gani.

Ng'ambo walikuwa wamekwisha kuketi kwa safu,
hakuna aliyewaambia.
Sista akaomba tusali kwanza.
Sala ikaenda, ikapinda, ikarudi kuchukua walioachwa.
Mtoto alikuwa anatafuna kamba ya gunia.
Ndipo Bi Nantende, shingo kama mpini, akasema:
"Sista, Mungu amekwisha kusikia.
Sufuria ndizo bado."
Nilidhani atakasirika.
Alicheka hadi miwani ikaanguka mchangani,
akasema Amina,
akashika kopo la kupimia kwa mkono wake mwenyewe.

Sasa nisema la kwangu.
Jioni niliandika daftarini:
*Yaliyofika 139. Lililozama 1.*
Halikuzama.
Lilikuwa Mahurunga, chini ya kitanda cha mama,
ambaye aliliona akauliza, nikajibu,
naye akasema, "Basi lililozama halipigi kelele,"
akawa anapika usiku wa manane
moshi usije ukatushitaki.
Bruda alisoma ukurasa, akautazama mto,
mto wa kiangazi, mto wa magotini.
"Limezama wapi?"
"Pale penye kina."
"Mama yako hajambo?"
"Hajambo."
Akapiga mstari, akatia sahihi,
na mpaka leo sijui nani kati yetu alidanganya zaidi.

Mvua mbili baadaye, gulioni Kitaya,
binti wa ng'ambo aliinama kupanga mafungu ya chumvi.
Gauni lake lilikuwa la gunia,
limeshonwa kwa uzi wa nyavu,
na mgongoni, bega hadi bega, rangi yangu:
SI WA KUUZWA.
Nilisimama kama mwanafunzi aliyesahau somo.
Niliandika juu ya unga, wallahi,
lakini ngeli ilimkubali yule mtoto
kuliko ilivyoukubali unga.

Nikanunua mafungu manne.
Nyumbani tulikuwa na chumvi tele.