Joto la Februari

Saa nane usiku nimesimama barazani,
fulana peke yake, miguu ndani ya mabuti ya mpira.
Kipimajoto ukutani kinasema ishirini na saba chini ya sifuri
nami natoka jasho kama mpishi wa harusi.

Hapa Kemijärvi hakuna apitaye saa hizi
ila greda la theluji, na dereva wake ni Jarkko,
kijana niliyemfundisha mwenyewe kushusha jembe
bila kung'oa masanduku ya barua ya watu.
Anapunguza mwendo. Anawasha taa, anazima.
Haulizi. Nampungia mkono. Mvuke unanitoka mabegani
kama farasi aliyetoka mbali.

Kila miezi mitatu, sindano ya tumboni.
Muuguzi Helinä huhesabu hadi tatu, huchoma kwenye mbili.
Kazi ya dawa ni kuizima ile homoni
iliyonifanya mwanamume, maana saratani nayo
ilikuwa ikila sahani moja na mimi.
Sasa tumefungiwa mlango wa jikoni sote wawili.

Daktari alinionyesha picha ya mifupa:
madoa kwenye nyonga, ubavu wa kushoto, pingili mbili za mgongo.
"Haitapona," alisema, "ila tunaweza kuichelewesha."
Kuchelewesha nakujua. Miaka thelathini na mmoja
nimelima theluji iliyokuwa ikianguka nyuma yangu.
Hakuna aliyewahi kuniambia nimeshindwa
kwa sababu asubuhi ilikuwa imeanguka tena.

Irmeli alicheka, siku ya kwanza joto liliponipanda
katikati ya supu ya samaki.
"Karibu," akasema. "Mimi nilipita hapa miaka kumi na minne iliyopita.
Ukaninunulia feni. Ndogo. Ya betri."
Akaenda stoo, akaileta.
Bado inazunguka.

Ya kitandani ni mengine, sitayaandika yote.
Tunalala mgongo kwa mgongo, halafu nyayo zake
zinatafuta zangu, na zikizipata zinatulia.
Kuna usiku nalia kwa ajili ya tangazo la maziwa.
Kuna usiku nalia kwa jambo linalostahili,
na machozi hayana alama, siwezi kuyatenga.

Ila Alhamisi ndiyo iliyonishinda.
Miaka ishirini na sita, sauna ya Oiva kando ya ziwa,
wanaume wanne uchi, neno moja kwa saa.
Nikaacha kwenda. Nikasingizia mgongo.
Ukweli ulikuwa kifuani: matiti,
mawili, laini kama unga uliokandwa jana,
yanayouma yakiguswa na mkanda wa gari.

Wiki iliyopita Oiva alikuja mwenyewe, hata koti hakuvua.
"Benchi lako limekauka," alisema. "Mbao zinapasuka."
Hiyo, kwa Oiva, ni hotuba.

Nikaenda. Chumba cha kuvulia nguo kilinuka lami na kahawa.
Nilivua shati nikiwapa kisogo,
nikakaa hivyo, natazama misumari ya kutundikia taulo,
naihesabu, ni saba. Maji ukishayavulia nguo,
basi.
Nikageuka.

Pentti akatazama. Kisha akatazama jiko.
Akamwaga kata nzima ya maji juu ya mawe,
mvuke ukatumeza wote, hakuna kifua wala uso,
na kutoka humo sauti ya Oiva, asiyesema:
"Kaa benchi la chini, Tauno. Wewe jiko unalo."

Nilidumu dakika sita. Nikatoka, nikaketi kwenye theluji.
Nyuma ya ukuta walikuwa wakicheka, au wakikohoa.

Kipimo cha damu ni tarehe kumi na tisa.
Mara iliyopita namba ilipanda kidogo,
"kidogo" ni neno la daktari, si langu.

Jasho limeanza kunigandia shingoni. Niingie ndani.
Greda linarudi, sasa upande wetu wa barabara,
na kule alikoanzia tayari kumekuwa kweupe.
Jembe amelishusha mapema mno, anakaribia sanduku letu la barua.
Kesho nitamwambia.