Thumuni ya Mama

Mpimaji aliingia na utepe wa chuma,
akauvuta ukutani, akaguna.
Ukuta wa matumbawe haujui pembe mraba.
Fundi wa babu wa babu alipima kwa dhiraa,
na dhiraa ilikuwa mkono wake mwenyewe.
Jiometri ilianza hivyo, nikamwambia:
mto ulifurika, ukafuta mipaka ya mashamba,
watu wakarudi na kamba, wakibishana.
Hakunisikia. Alikuwa akibishana na kona ya choo.

Nyumba iko Kibokoni, ghorofa mbili, paa linavuja.
Baba kaacha mke mmoja, mwana mmoja, mabinti wawili,
na mimi, kitinda mimba, ndiye nifundishaye hesabu
kidato cha tatu, Tononoka.
Karatasi ikasukumwa kwangu.

Mama thumuni.
Kaka mawili kwa kila moja letu.
Gawa nyumba mafungu thelathini na mawili:
manne ya Mama, kumi na manne ya Shekuwe,
saba Mwanakheri, saba mimi.
Jumlisha. Hakibaki hata kigae.

Aljebra nayo ililelewa mahali kama hapa,
watu wamekaa mkekani, kahawa inapoa,
maiti kazikwa na deni halijulikani.
Huko Baghdadi wakasema: tusilolijua
tuliite kitu.
Kitu na nusu ya kitu. Kitu mara kitu.
Kisha wakakiandama
mpaka kikataja jina lake.

Bibi mzaa Mama hana fungu, ana ulimi.
Anahesabu nguzo za roshani:
tano, mtandatu, mfungate, nane, kenda.
Nikisema sita, saba, tisa, anacheka:
hao wageni, walishuka na mizigo.
Nane ndiye aliyekataa kuhama,
kakaa kati ya saba na tisa kama mwenye nyumba.
Mfungate kajificha harusini, ndani ya fungate.
Laki kaja na Wahindi, milioni na Wazungu.
Na sifuri, huyo kapita mikono mingi:
Mhindi kamchora, Mwarabu kambeba,
forodhani hakutozwa ushuru
maana kasha lake lilikuwa tupu.
Bila yeye elfu ingevaa nguo za moja
na hakuna ambaye angeitambua.

Shekuwe anataka kuuza. Bei inapanda, asema.
Inapanda kwa kasi gani? nikamuuliza.
Na kasi yenyewe, inazidi au inalegea?
Kimya.
Swali hilo lina zaidi ya miaka mia tatu.
Wakubwa wawili wa Ulaya waligombana
nani kalipatia jibu kwanza,
wakaenda nao ugomvi kaburini.
Hata wao, basi, walikuwa na mirathi.

Mwanakheri hataki. Tungoje, asema, huenda.
Huenda nayo ina hesabu yake,
waliianzisha wacheza kamari.
Hilo sikumwambia. Alikuwa amefunga Alhamisi.

Ikaingia alasiri. Mama, ambaye kutwa hakunena,
akauliza: thumuni yangu inaanzia wapi?
Nikafungua mdomo.
Wanafunzi wangu arobaini na saba
hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo.
Sehemu haina mahali, Mama, nikasema,
thumuni imo kote, kwenye kila jiwe,
kwenye kila msumari wa mlango.

Akanitazama kama mtu aliyepunjwa sokoni.
Akachukua mswala, akapanda ngazi,
akautandika kwenye kipumziko, penye dirisha dogo,
pale Baba alipokuwa akivulia viatu
akilalamikia magoti.
Yangu hapa, akasema.

Mpimaji, mtu wa kazi yake, akapanda na utepe.
Mita mbili na robo, kwa moja na nusu.
Akaandika.
Nikapiga hesabu kichwani, mara mbili.
Haikufika thumuni.
Haikufika hata nusu ya thumuni.
Nikaikunja karatasi, nikaitia mkobani,
nikaenda kumwongezea Bibi kahawa.