Chai Isiyochumwa

Ofisi ya wakili iko juu ya duka la mbolea, Tukuyu,
na mvua inapiga bati kiasi kwamba
kila neno la sheria hulisema mara mbili.

"Wosia, mama, ni sauti. Wosia ni sauti.
Unaiweka leo, itasema siku ukinyamaza.
Mpaka hapo shamba ni lako,
waweza kuchana karatasi ukiamka na hasira.
Amana ni mkono. Mkono.
Unakabidhi ungali unapumua,
mdhamini anashika kwa masharti yako,
na siku ya msiba mkono haulegei."

Nikauliza bei. Akataja.
Nikauliza bei ya ile nyingine.

Mimi nakijua kifo kisicho na karatasi.
Andwele wangu alikwenda Aprili, hakusema kitu.
Matanga hayajaanuliwa, shemeji zangu
walishahesabu ng'ombe, migomba, mabati;
hata bomba la kupulizia dawa
lilipata mrithi.
Miaka minne: njoo Jumatatu, njoo Alhamisi,
hakimu kahamishwa, faili halionekani.
Na chai haimngoji hakimu.
Chai isiyochumwa hupanda juu,
husahau kuwa ni chai.
Siku niliyoshinda nilikabidhiwa msitu.
Nikaufyeka kwa panga, mashina mazito kama paja,
Lusajo akiburuta matawi nyuma yangu,
akicheka, akidhani ni mchezo.

Lusajo ana miaka thelathini na moja.
Kila ng'ombe anamjua kwa mlio wa kwato.
Ila noti, kwake, ni wanyama:
ya elfu mbili simba, ya elfu kumi tembo.
Anampenda simba.
Mpe simba mmoja, atakupa tembo wanne
na kukushukuru mpaka getini.

Nikiandika, "Heka ya chini, ya mtoni, ni ya Lusajo,"
sauti yangu itasomwa, watu watalia,
halafu jioni mtu atamletea simba.

"Basi ya mtoni iwe amana," akasema wakili.
"Nyumba na shamba la juu, wosia unatosha.
Mdhamini nani?"

Mvua ikakatika. Ikaniacha na swali.
Ambakisye, mkubwa wangu? Ananipenda.
Anapenda na pikipiki za mkopo.
Kaka yangu, mzee wa kanisa?
Akiba ya kikundi hairudishi bila kusindikizwa.
Nikayapapasa majina
kama mtu anayetafuta mayai gizani,
moja bovu, moja lina ufa.

"Yusta Tweve," nikasema.
Mke wa Ambakisye. Mkinga, wa kutoka Makete;
ukoo bado unamwita mgeni,
na watoto watatu keshatuzalia.
Kila Jumamosi humkalisha Lusajo kwenye kigoda
akamkata kucha, mikono na miguu.
Hakuna aliyemtuma.

"Huyo si damu," wakili akasema,
mara moja tu.
"Damu ndiyo iliyochukua bomba."

Sikutia sahihi. Amana haianzi kwa wino,
inaanza kwa kumwuliza anayebebeshwa.
Nikashuka na karatasi ndani ya mfuko wa nailoni,
nikapanda kilima, viatu vimejaa tope.
Yusta alikuwa jikoni, anachambua maharage.
"Umelowa, mama. Kuna nini?"

Sikujua nianzie wapi.
Nikaanza na kucha.